Mnaoandika kuhusu watoto wanaosomea nyumbani, ulizeni na habari za nyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye gazeti lako nami nitoe la moyoni kuhusu ile makala yenu ya watoto wanaosomeshwa nyumbani. Nimeisoma yote, alafu nikairudia usiku watoto wamelala, na niseme wazi sina ugomvi na mwandishi, maswali aliyouliza ni ya haki kabisa, silabasi gani inatumika, mtihani mtoto atafanyia wapi, marafiki atawapata wapi. Ila wazazi wote aliowahoji wameulizwa habari za masomo tu. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa saa nne asubuhi nyumbani kwake kunakuwaje. Nani anaosha vyombo wakati mtoto anasoma? Yule mdogo ambaye hata kuongea bado anakaa wapi? Na anayefundisha anapumzika saa ngapi, kama anapumzika?

Mi nasomesha wanangu nyumbani, mkubwa ana miaka tisa, wa kati sita, mdogo ndo anaelekea miaka miwili, na ninachotaka kusema ni kimoja tu. Kwa watoto wadogo kufundisha sio kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuendesha nyumba ambayo watoto wote wamo ndani kutwa nzima, hakuna mtoto anayeondoka asubuhi akarudi jioni, nyumba haipati hata saa moja ya kutulia ikasafishika ikabaki safi. Wazazi ninaowafahamu walioanza wakaacha katikati hakuna aliyeshindwa na hesabu za darasa la pili. Walichoka. Na walichoka kwa mambo ambayo hakuna mtu aliwaambia mapema kwa sababu kila aliyewashauri aliwaambia habari za vitabu.

Tuanze na muda maana hapo ndo watu wanatishika. Mzazi akisikia kusomesha nyumbani anawaza saa sita za darasani, yeye kasimama mbele ya ubao na chaki mkononi, kila siku ya Mungu. Hapana jamani. Chukua darasa la watoto 40 na kipindi cha dakika 40, mwalimu hata ajigawe sawasawa vipi kila mtoto anapata dakika moja, na hapo hujatoa muda wa kuita majina, kunyamazisha, kusubiri wote watoe madaftari, na yule aliyesahau penseli. Simlaumu mwalimu hata kidogo, anafanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Nasema tu kwamba mtoto wa miaka sita akikaa na mtu mzima robo saa, anasoma kwa sauti na akikosea anasahihishwa palepale, hiyo robo saa ni kubwa sana. Wangu wa kati masomo yake ya kukaa chini hayafiki saa moja na nusu kwa siku, mkubwa ni kama saa tatu hivi na nyingine anasoma mwenyewe, basi.

Wala hili halikuanza na sisi. Kuna mwalimu wa Uingereza aliitwa Charlotte Mason, alifariki mwaka 1923, tangu miaka ya 1890 alikuwa na mpango wa kuwatumia wazazi wanaosomesha nyumbani masomo kwa njia ya posta, na msimamo wake ulikuwa kwamba somo la mtoto mdogo lisizidi kama dakika 20, likiisha limeisha, mnahamia kitu cha aina nyingine, kama lilikuwa la kusoma linafuata la mikono. Na mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana yoyote kisha anajipima amebakiwa na ngapi, akaona kwamba kitu kilichokaririwa kinapotea haraka sana mwanzoni, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku tofauti kunashika kuliko kukazana siku moja. Kwahiyo dakika kumi za jedwali la kuzidisha kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi ambapo mtoto analia na wewe sauti imeshapanda.

Sasa utaniuliza, kama masomo yenyewe ni machache hivyo mbona mnachoka? Ngoja nikuonyeshe hiyo robo saa ya kusoma ilivyo kwa ndani.

Wa kati ameshazijua irabu zote tano, anajua ba be bi bo bu na wenzake, na Kiswahili kinamhurumia mtoto maana kinasomwa kilivyoandikwa, akishashika silabi anakwenda. Ila kuna sehemu za kujikwaa, kama mbwa, kunywa, ng'ombe. Amekaa kulia kwangu, kidole chake kiko kwenye mstari. Mdogo yuko kwenye paja la kushoto na yeye anataka kidole chake kiwe kwenye mstari huohuo. Yule anasoma "m-ba-wa", anasimama, anajua kuna kitu hakijakaa sawa, anarudi nyuma. Hapo mzazi kazi yako ni kunyamaza, na kunyamaza ni kazi kwelikweli kwa sababu jibu liko mdomoni. Mdogo anavuta ukurasa, unaushika na mkono wake, mkubwa kutoka chumba cha pili anaita mama nimemaliza nifanye nini, unamwashiria asubiri, macho yako hayajatoka kwenye kile kidole, na mwenye kidole anakunja uso, midomo inajaribu bila sauti, ghafla anasema mbwa! kwa nguvu mpaka mdogo anashtuka. Hiyo yote labda imechukua nusu dakika na ndo somo lenyewe hilo. Mkiandika kwamba watoto hufundishwa kusoma kwa silabi mtakuwa mmesema kweli, ila bado hamjaandika mkono wa kushoto wa mzazi ulikuwa unafanya nini muda wote huo.

Huyu mdogo, Mhariri, ndo anayeamua ratiba ya nyumba nzima. Mtu mwenye watoto wawili wakubwa anaweza kukupangia taimtebo ya rangi rangi akaibandika ukutani na ikafuatwa, mwenye mtoto wa mwaka mmoja hawezi, na asijilaumu. Kinachosaidia kwetu ni kwamba mdogo ndo anaanza. Kabla hakijafunguliwa kitabu chochote cha wakubwa anapata zamu yake, nakaa naye chini sakafuni, simu iko mbali, tunasoma vile vitabu vyake vya picha, tunabomoa na kujenga, mpaka yeye mwenyewe anainuka na kwenda kutafuta kitu kingine. Ameshiba mtu. Mtoto akishamshiba mtu anakuacha kwa muda, asipomshiba atakuvuta nguo asubuhi nzima, na mwisho utampa robo saa zile zile unazomnyima ila utampa kwa hasira.

Alafu kuna boksi lake ambalo halitoki isipokuwa wakati wa masomo, lina vikombe vya plastiki, mifuniko mikubwa, vitambaa, kopo la kutumbukizia vitu na kuvitoa. Mtoto wa umri huo anaweza kutumbukiza na kutoa muda mrefu kuliko unavyofikiri. Ila angalieni ukubwa wa vitu, chochote kinachopita kwenye kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki toilet pepa ikiisha kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwahiyo vifungo vya nguo na shanga za kuhesabia za mkubwa zisionekane kabisa karibu naye. Hesabu ngumu za mkubwa tunazificha kwa ajili ya usingizi wa mchana wa mdogo, hiyo ndo saa ya dhahabu, hakuna kupika wala kufua wala kupokea simu, ni mkubwa na hesabu zake, na siku mdogo akikataa kulala basi hesabu ngumu zinasubiri kesho na dunia haianguki.

Kuhusu simu na tivii najua mnapenda kuuliza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja halipendekezi akae mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo bora. Mi nakubaliana nao na boksi la vikombe lilizaliwa kwa sababu hiyo. Lakini mzazi aliye peke yake ndani, mtoto mmoja anaumwa, mwingine ana kazi ya kumaliza, akawasha katuni dakika 20 ili apumue, simnyooshei kidole, na wala gazeti lisimnyooshee.

Kazi za nyumbani watu wanapenda kusema nazo ni masomo. Ni kweli kwa sehemu. Kupanga soksi jozi jozi kulimfundisha wa kati kuzidisha kwa mbili kabla hajaona alama ya kuzidisha, jozi tano ni soksi kumi, jozi saba ni kumi na nne, na ikibaki moja bila mwenzake amejifunza namba witiri bila kuambiwa jina lake. Kupima vikombe jikoni kunafundisha nusu na robo vizuri kuliko mchoro wa duara lililokatwa. Kuandika orodha ya vitu vya kununua ni imla nzuri sana. Ila napenda niseme na upande wa pili maana nauona kwa wenzangu wengi, sio kila kitu kigeuzwe kipindi. Mtoto akifagia aachwe afagie. Akicheza na maji usimwendee na swali la ujazo. Watoto wana akili, wakishagundua kwamba kila wakikusogelea jikoni wanaulizwa maswali wanaacha kukusogelea, na pale jikoni mlipokuwa mnapiga stori ndo palikuwa na thamani kuliko hilo swali.

Tena hizo kazi wazifanye kwa sababu ni kazi za nyumba yao. Watu wanne ndani kutwa nzima wanachafua vyombo mara mbili ya nyumba ambayo watoto wako shule, sakafu hivyo hivyo, choo hivyo hivyo, madaftari na karatasi zilizokatwa zinazagaa kila mahali. Mtu mmoja hawezi kufundisha na kusafisha yote hayo. Kwetu mkubwa anaosha vyombo vya asubuhi, wa kati anafuta meza na kupanga viatu, na wakiosha vibaya nasema tena kwa upole au naacha kama ilivyo. Nyumba ya watu wanaosomea ndani haitakuwa kama ya picha, na mgeni akija akakuta rangi zimemwagika mezani akae upande wa pili wa meza.

Kuna njia moja niliyoipenda ambayo inachanganya nyumba na masomo bila kulazimisha. Mkubwa anasoma sura ya kitabu peke yake, akimaliza anakuja nilipo, mimi nakunja nguo au namenya kitu, anaifunga ile sura na kunisimulia yote kwa maneno yake bila kuchungulia. Mikono yangu iko bize, masikio yako huru. Huyo mama Mason niliyemtaja alikuwa akisisitiza sana hilo la kusimulia, na zaidi ya miaka themanini baada ya kifo chake, mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapima wanafunzi wa chuo wakakuta kwamba waliojitahidi kukumbuka walichosoma walikuwa wamebakiwa nacho zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena. Ukimsikiliza mtoto anavyosimulia unajua palepale alipoelewa na aliporuka, anaanza kusema "alafu... alafu wakafanya vile" unajua hapo hapakuingia. Hakuna haja ya mtihani kwa umri huo. Unamwambia rudi ukaisome ile sehemu ya mtoni, anarudi.

Sasa niseme jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa na kwangu ndo kubwa. Mwalimu akiwa ndo mama, mtoto analia. Hata ambaye shuleni asingelia. Mtoto huyohuyo ambaye mbele ya mwalimu wake angekaza meno na kumaliza zoezi, mbele ya mama anavunja penseli kwenye swali la tatu, anatupa daftari, anasema mimi sijui kitu, mimi sina akili. Kwa mama ndo mahali pake pa kumwaga, na ni vizuri awe na mahali pa kumwaga, ila kwa mwenye kazi ya kufundisha ni mzigo, kwa sababu machozi ya mwanao hayakuingii kama machozi ya mwanafunzi, yanakuingia kwenye mifupa. Unaanza kujiuliza nimemharibu? Nimemchelewesha? Angekuwa shule angekuwa ameshajua kutoa kwa kukopa?

Tulichokubaliana nyumbani ni kwamba kitabu kinafungwa kabla ya hasira, ya mtoto au ya kwangu. Kinafungwa bila adhabu na bila hotuba. Anapewa maji, anatoka nje, anakimbia, akirudi tunafanya swali moja lile rahisi kuliko yote analoliweza, tunamaliza hapo. Siku hiyo imeisha kwa kuweza. Kufunga kitabu sio kumdekeza, mtoto mwenye machozi hasomi hesabu, anasoma uso wa mama yake tu. Na mara nyingi ukichunguza swali la tatu halina kosa lolote, mtoto ana njaa au jana alichelewa kulala. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walishasema mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka sita mpaka kumi na miwili anahitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi kwa siku, na wa miaka mitatu mpaka mitano saa 10 mpaka 13 ukijumlisha na ule wa mchana. Kusomea nyumbani kunatoa nafasi nzuri ya hilo kwa sababu hakuna basi la alfajiri la kukimbilia, lakini inaleta na kishawishi cha kuwaacha wakeshe maana kesho hakuna kengele. Sisi saa ya kulala haibadiliki. Ningeambiwa nichague kati ya saa ya kulala na kitabu kizuri cha hesabu ningechukua saa ya kulala.

Ugomvi wa wao kwa wao upo kila siku. Watoto ambao hawaachani asubuhi mpaka usiku watagombana kalamu, kiti cha dirishani, nani kamwangalia nani. Dawa yetu ni saa ya kimya baada ya chakula cha mchana, kila mtu na kona yake, vitabu au kuchora au kulala, hakuna kuongea na hakuna anayemfuata mwenzake. Mdogo ndo anakuwa amelala, mkubwa akishamaliza hesabu na yeye anaingia kwenye kona yake. Walivyozoea, wao wenyewe wanakumbushana. Watoto nao wanachoka na watu.

Na mimi je? Hapa ndo namuomba mwandishi wenu akirudi kwa hao wazazi akae nao zaidi. Kwenye nyumba nyingi ninazozijua anayefundisha ni mama, na kazi nyingine zote alizokuwa nazo kabla bado ni zake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba ikiamua watoto wasomee nyumbani imeamua nyumba nzima, sio mama, na baba asiseme nasaidia, aseme zamu yangu. Baba yao hapa anashika jioni, akishafika na kukaa kidogo watoto wanakuwa wake mpaka kulala, ndo anayewasomea hadithi, ndo mwenye sayansi, Jumamosi asubuhi wanavunja redio mbovu na kuiangalia ndani, na mimi muda huo natoka nje ya nyumba kabisa. Natoka, sijifichi chumbani, maana ukijificha chumbani mlango unagongwa. Kuna wazazi wanaolea peke yao na wanafanya kazi juu yake na bado wanasomesha, hao nawavulia kofia, lakini kila ninayemjua kati yao ana shangazi, bibi, dada au jirani ambaye siku fulani za wiki anawachukua watoto bila kuombwa mara mbili. Asiye na mtu kama huyo amtafute kwanza kabla ya kutafuta vitabu.

Ndugu nao wana maswali yao. Bibi atauliza huyu mjukuu wangu anaanza shule lini, ataulizia mbele ya mtoto, na atauliza tena mwezi ujao. Zamani nilikuwa nikimweleza kwa maneno mengi, siku hizi mtoto anamletea kitabu na kumsomea ukurasa mzima, bibi anamrekebisha matamshi hapa na pale, anamuuliza na maana ya alichosoma, na mazungumzo ya shule yanaishia hapo mpaka safari nyingine. Bibi akipewa kazi ya kusikiliza anakuwa mwalimu na yeye, na kwa kweli watoto wanamsomea yeye vizuri kuliko wanavyonisomea mimi.

Suala la marafiki sitalikalia sana. Watoto wanahitaji watoto wenzao, hilo halina mjadala, na mzazi anayesomesha nyumbani lazima atoke na kulitafutia, michezo ya jioni, nyumba za ibada, binamu, familia nyingine zinazosomesha nyumbani mkakutana mara kwa mara. Asipolitafutia halitokei lenyewe. Ila mtoto wa miaka sita hahitaji wenzake 40, wawili watatu wa kudumu wanamtosha.

Na sheria, mwandishi wenu alisema kwa ujumla tu kwamba inaruhusiwa au hairuhusiwi, ukweli ni kwamba inategemea uko nchi gani na inabadilika. Ujerumani mtoto lazima aende shule na wazazi waliopeleka kesi mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walishindwa. Uingereza sheria ya elimu ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, shuleni au kwa njia nyingine. Ufaransa zamani mzazi alikuwa anatoa taarifa tu, kuanzia mwaka wa masomo wa 2022 anatakiwa kuomba kibali. Marekani inakubalika majimbo yote ila kila jimbo na masharti yake. Kwahiyo mzazi asiende kwa kusikia, aulize ofisi ya elimu ya alipo na apate jibu la maandishi, na popote alipo atunze daftari la kila siku, tarehe, tulisoma nini, mtoto alifika wapi, pamoja na kazi chache za mikono yake. Hilo daftari litakusaidia siku ukiulizwa, litakusaidia siku mtoto akirudi shule, na litakusaidia zaidi ile siku unayodhani hamjafanya kitu mwezi mzima, ukilifungua unaona mmetoka silabi mmefika sentensi.

Kitu kingine, tafadhali msitupime kwa ule mwaka wa korona. Mwaka 2020 wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walijikuta nyumbani kwa mpigo, wazazi hawakuchagua, hawakujiandaa, walikuwa na hofu ya ugonjwa na kazi zimesimama, mtoto amekaa mbele ya kompyuta akimtafuta mwalimu kwenye intaneti inayokatika au hana kompyuta kabisa. Ile ilikuwa shule iliyohamishiwa sebuleni kwa dharura. Wengi waliosema mimi siwezi kusomesha nyumbani wanakumbuka ule mwaka, na wana haki ya kuukumbuka vibaya.

Sisemi kila mtu asomeshe nyumbani. Kuna mtoto anayechanua akiwa darasani na wenzake, kuna mzazi ambaye akishinda na watoto kutwa mapenzi yanageuka kelele, na kuna nyumba ambayo haina mtu wa kushika zamu, hao wote shule ndo mahali sahihi na mtu asiwatie hatia. Na familia ikijaribu ikaona haiendi ikamrudisha mtoto shule, watoto watazoea, mlango haujafungwa upande wowote.

Ombi langu, Mhariri, ni hili. Mkirudia hii habari mpelekeni mwandishi akakae nyumba moja siku nzima, kuanzia kabla watoto hawajaamka mpaka wa mwisho amelala, aandike na vyombo, aandike na yule mdogo, amuulize baba anashika zamu gani na amuulize mama mara ya mwisho alitoka peke yake lini. Na kama mna nafasi kwenye toleo la mwisho wa wiki tupeni ukurasa wa watoto, hadithi moja fupi yenye herufi kubwa, maneno mafupi, sentensi zinazoisha kwenye mstari wake. Vya kusoma kwa mtoto aliyetoka kwenye silabi juzi ni vichache, akimaliza vile alivyonavyo anaanza kuvikariri na hapo hasomi tena, anaimba. Gazeti linaingia nyumbani kwetu kila wiki na wa kati ameshaanza kusoma vichwa vya habari vya michezo kwa sauti. Mkiuweka huo ukurasa nitamkatia nimpe yeye, na mkihitaji mtu wa kuwasomea hadithi kabla hazijachapwa mkaona mtoto anakwama wapi, yupo, nitawaandikia kila anapokwama.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa watatu